Bi Futi na Misonobari ya Mteremkoni

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa watu wawili tu: mama yake mzazi na karani wa mishahara. Wengine wote walimwita Bi Futi, kwa sababu ya utepe wa kupimia uliokuwa ukining'inia kiunoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa mpanga madaraja katika kiwanda cha kupasua mbao pale bondeni. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya banda la mabati, mbao zikimjia kutoka kwenye msumeno mkubwa zikiwa bado zimelowa na kunukia utomvu, na kuuambia kila ubao mahali pake. Daraja la kwanza liende kwa maseremala wa samani. La pili kwa kenchi za mapaa. La tatu kwa wajenzi wa kumwaga zege. La nne yeye mwenyewe alilibatiza "kheri ya kuni." Aliugeuza ubao mara moja, akauchora kwa chaki, ukapita.

Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Alianza kwa kufagia vumbi la mbao. Mpanga madaraja wa wakati ule alikuwa mzee aliyeficha kwamba macho yanamtupa mkono, na kila mara alimwuliza mfagiaji wake, kama mtu anayemjaribu mwanafunzi, "Hebu niambie, hicho ni kifundo au ni doa?" Bi Futi akajibu, mzee akachora. Hali ikawa hivyo miaka miwili. Siku mzee alipostaafu, mbao zilipangwa vilevile kama jana, na ndipo watu wakajua nani alikuwa akizipanga.

Mumewe alikuwa mpakiaji wa magogo palepale kiwandani. Yeye na mdogo wake walirithi kwa baba yao kipande cha mteremko chenye mawe mengi kuliko udongo, mahali ambapo mahindi yaliota moja moja kama meno ya kikongwe. Wakaamua kupanda misonobari, miche elfu moja na mia mbili. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. "Mkivuna mtakula nini, zile sindano?" Miti ilipofika miaka minne, mume akaugua mapafu, na mvua za mwaka ule hazikuisha akiwa hai. Bi Futi akabaki na binti mmoja, utepe wake, na nusu ya mteremko.

Hakuutupa. Kila kiangazi alipanda kule na msumeno mdogo wa mkono akakata matawi ya chini. Shemeji yake, yule mdogo wa mumewe, alimwona kama mtu anayenyoa mbuzi. Lakini Bi Futi aliyajua matawi kwa upande wa pili: kila tawi linaloachwa leo ni kifundo katika ubao wa kesho, na kila kifundo huushusha ubao ngazi. Aliwahurumia maseremala ambao hawajazaliwa.

Miti ilipotimiza miaka kumi na miwili, mambo ya kiwanda yakageuka. Magogo yalikuwa yakitoka katika msitu wa serikali kwa mgao wa kila mwaka, na mwaka ule mgao ukakatwa zaidi ya nusu. Bosi, aliyerithi kiwanda kwa baba yake, alikuwa na wafanyakazi themanini na misumeno miwili isiyojua kusubiri. Akaanza kununua miti ya wakulima wadogo kule mlimani. Akamwajiri mnunuzi, mtu mchangamfu wa maneno mengi aliyevaa kofia ya ngozi jua liwake, mvua inyeshe. Watu wakamwita Kofia.

Magogo ya Kofia yalipoanza kufika, Bi Futi aliyatazama akashika kiuno. Yalikuwa membamba kama mapaja ya ndama. Ubao uliotoka asubuhi umenyooka, jioni ulikuwa umejikunja kama unaumwa tumbo. Mti mchanga mbao zake hazijatulia, zina maji na zina wasiwasi. Katika magogo kumi ya zamani, nusu na zaidi ilitoka kuwa mbao. Katika haya, hata manne hayakutimia. Mengine yote maganda na vumbi. Alimpelekea Bosi ubao mmoja ofisini, akauweka mezani, nao ukayumba kama kiti cha kubembea.

"Nimeona," Bosi akasema. "Nenda na Kofia mlimani wiki hii. Mchagulie."

Akaenda. Ndiko alikoona jinsi miti inavyonunuliwa.

Kofia hakupima. Aliingia shambani, akalizunguka mara moja akipiga mluzi, akapiga kiganja kwenye mti mmoja au miwili, akarudi kwa mwenye shamba akiwa amekunja uso kama daktari mwenye habari mbaya. "Mzee, nakwambia ukweli kwa sababu nakuheshimu. Barabara yako mbovu. Miti yako imepinda. Lakini kwa kuwa nimeshafika, shamba zima nakupa milioni mbili." Na ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, kila nyumba ina mtoto anayesubiri ada na viatu. Kofia aliijua kalenda hiyo kuliko walimu wenyewe.

Shamba la kwanza lilikuwa la mwalimu mstaafu, mtu mpole anayeongea huku akifuta miwani. Bi Futi hakutumia hata utepe. Kwa jicho tu alihesabu mistari, akakadiria unene, akajua shamba lile lina thamani mara tatu ya kilichotajwa. Mwalimu akamgeukia yeye, kwa sababu alimwona ni mtu mzima na ni mama. "Na wewe mama unasemaje? Ni bei nzuri?"

Bi Futi alikuwa amevaa koti la kiwanda. Akasema, "Mimi nimekuja kuangalia ubora tu, mwalimu."

Mwalimu akatia sahihi. Njia nzima ya kurudi Kofia aliimba, na Bi Futi aliangalia nje ya dirisha la gari.

Wiki mbili baadaye Kofia alimfuata bandani akicheka. "Bi Futi, kumbe nawe ni tajiri hukutuambia! Shemeji yako ameniita. Mteremko mzima, milioni sita. Ameshakubali, imebaki wewe."

Jumapili ile alipanda mlimani bila kunywa chai. Shemeji alikuwa amekaa kwenye jiwe kubwa mpakani mwa shamba, mguu mmoja ameunyoosha. Goti lake lilikuwa limeanza kumsaliti.

"Shikamoo kwanza au ugomvi kwanza?" Bi Futi akauliza. Alikuwa mke wa kaka mkubwa. Salamu hiyo ilimstahili yeye, na walitaniana hivyo tangu zamani.

"Shikamoo shemeji. Ugomvi nimeuandalia kiti."

"Marahaba. Unauza miti ya kaka yako ingali inanyonya?"

"Miti ya kaka yangu ni miti yangu pia. Nilichimba mashimo mia sita kwa mkono huu." Akauinua. "Nisikilize. Kule chini njia panda hakuna mashine ya kusaga. Wanawake wanabeba mahindi mpaka mjini. Nikiweka mashine pale sasa, goti langu bado lina miaka mitano, sita ya kusimama. Nikingoja miti yako inenepe, nitanunua mashine ya kuegemea."

Bi Futi alikuwa amekuja na maneno mengi. Hilo la goti hakulitegemea. Akakaa kando yake juu ya jiwe.

"Unajua bei ya mti inatoka wapi?" akamwuliza.

"Kwa Kofia."

"Kofia ni tarumbeta tu, mpulizaji yuko mbali. Bei inaanzia kwa seremala mjini, anayeuza kitanda. Ukirudi nyuma, toa faida ya mwenye duka la mbao. Toa gharama ya msumeno, dizeli, mishahara, mimi nikiwemo. Toa lori. Toa watu wa kukata na kuvuta magogo hadi barabarani. Kinachobaki mwisho kabisa ndicho mti. Wewe ndiye unayekula mwisho, shemeji. Ndiyo maana kila anayekula mbele yako anataka usijue sufuria lilikuwa na nini."

"Na mti mnene?"

"Mti mnene unakatwa mara moja kama mwembamba, unavutwa mara moja, lakini una mbao mara nne. Tena ukifika unene huu," akafanya duara kwa mikono miwili, "unatoka kwenye bei ya mirunda ya kushikia zege unaingia bei ya mbao. Ukizidi hapo unaingia bei ya plaiwudi. Yetu imesimama mlangoni mwa bei ya pili. Miaka mingine sita, saba tu."

Shemeji alilitazama goti lake. "Mlangoni," akasema. "Mimi nimechoka kusimama mlangoni."

Walibishana hadi jua likawa utosini, bila kupandishiana sauti. Mwisho wakafanya walichopaswa kufanya tangu mazishi: waligawana. Wakafunga kamba ya katani kutoka kwenye jiwe lile hadi kijitoni chini, kila mmoja akachukua upande wake. Kisha Bi Futi akafanya jambo ambalo hakuwa amekusudia wakati anapanda mlima. Akafungua utepe kiunoni.

"Basi kama unauza, hutauza mbuzi kwenye gunia."

Walipima upande wa shemeji Jumapili mbili mfululizo, mti kwa mti, mzingo kwa usawa wa kifua, shemeji akiandika kwenye daftari na kulalamika kwamba penseli imechoka kuliko yeye. Miti mia tano na ishirini na mmoja. Bi Futi alipiga hesabu usiku mmoja tu, kwa jedwali la kiwanda alilolijua kwa moyo. Ilikuwa mita za ujazo mia moja na kumi, na kwa bei ambayo kiwanda kingeweza kulipa bila kuumia, zilistahili milioni sita na nusu kwa nusu ile peke yake. Kofia alikuwa ametaja sita kwa shamba zima.

Kofia aliporudi na kupiga mluzi wake, shemeji alimkabidhi karatasi. Kofia akaisoma, akaigeuza nyuma kama kuna siri, akasoma tena. Wakavutana siku tatu. Shemeji akaondoka na milioni tano na nusu, na kabla mvua hazijakolea mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma njia panda.

Habari nzuri haina miguu lakini hufika. Jumapili iliyofuata watu wawili walikuwa wakimsubiri Bi Futi mlangoni pake, na ya pili yake wakawa saba. Wa kwanza katika foleni alikuwa yule mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, wewe si umeshauza?"

"Nimeuza lile la chini," akasema akifuta miwani. "Lipo lile la juu."

Bi Futi alishindwa kumtazama machoni. Akampimia la juu bure, na hakumwambia kwa nini.

Mwezi haukuisha, Bosi akamwita. Ofisi ile ilikuwa na meza moja ya mninga, ya baba mtu, na juu yake zilipangwa zile karatasi za vipimo, tano au sita, kila moja kwa mwandiko wa mkulima wake na hesabu za mtu mmoja.

"Bi Futi, baba yangu alikupa ufagio, mimi nikakupa chaki. Leo unawafundisha watu kunikaba koo?"

"Nimewafundisha kupima, Bosi. Hukabwi na utepe."

"Kwa mshahara wangu?"

"Siku sita ni za mshahara wako. Jumapili ni yangu." Kisha akalegeza sauti, kwa kuwa alimheshimu. "Unanunua watoto, Bosi. Unalipa kidogo lakini unapasua maganda. Waache wapunguze ile mibovu, ununue mirunda sasa, uwape bei ya haki wakikomaza mingine. Utapata mbao zaidi kwa kila lori."

Bosi alicheka, lakini si kwa dharau. Alionekana amechoka. "Nikingoja miti ya watu ikomae, ile misumeno itakula nini, hewa? Na wale themanini pale nje? Wewe una shamba linalokua ukiwa umelala. Mimi nina mashine zinazokufa zikilala."

Kila mmoja wao alikuwa anasema kweli.

Hakufukuzwa. Alihamishiwa langoni, kuhesabu malori yanayoingia na kutoka. Nafasi yake akapewa msaidizi wake, mwanamume mtaratibu waliyemwita Penseli kwa wembamba wake. Bi Futi alihesabu malori miezi miwili. Siku moja akamwekea karani wa mishahara barua ya kuacha kazi, ya mistari mitatu, na mmoja ulikuwa wa kushukuru.

Binti yake, muuguzi katika hospitali ya mji mwingine, alipiga simu siku hiyohiyo. "Mama, utakula nini?"

"Sindano za misonobari," Bi Futi akajibu, na wote wawili wakacheka, mmoja zaidi ya mwingine.

Maisha mapya hayakuwa mteremko. Wakulima walimlipa kidogo kidogo kwa kila shamba alilopima, wengine kwa pesa, mmoja kwa kuku wawili na ahadi. Upande wake mwenyewe wa kamba aliupunguza: miti mia mbili iliyopinda au kubanwa aliiuza kama mirunda kwa wajenzi, akaiacha mia tatu iliyonyooka ipate jua. Alipaka alama nyeupe kwenye kila mmoja. Jirani mmoja akamwuliza kama ameipa na majina.

Kisha saruji ikapanda bei, watu wakaacha nyumba kwenye msingi, na bei ya mbao ikaporomoka. Mwaka mzima hakuna aliyenunua mti kwa bei ya maana. Waliomsikiliza wakasubiri walianza kumtazama kwa jicho la kando dukani. "Mama, ungeuza pamoja na baba mdogo," binti akasema kwenye simu. Bi Futi akajibu kwamba bei ikianguka mti haujui, unaendelea kunenepa. Tofauti na nyanya, hauozi ukisubiri sokoni. Alisema hivyo kwa sauti thabiti. Baada ya kukata simu alikwenda kuhesabu unga uliobaki kwenye debe.

Lakini mti una adui ambaye nyanya haina. Mwaka wa nne baada ya kugawana, mwisho wa kiangazi, saa nane mchana, jirani wa juu alichoma mabua yake na upepo ukageuka. Bi Futi alikuwa anapima shamba la mtu ng'ambo ya kijito alipoona moshi wa rangi mbaya. Alikimbia na utepe mkononi, umefunguka, ukiburuzika nyuma yake. Alipofika, mlima mzima ulikuwa umeshafika: wanawake na matawi mabichi, wanaume na majembe, mwalimu bila miwani, na shemeji, aliyefunga mashine, akapanda kwa goti lile, akawa anakata kinga ya moto palepale ilipopita kamba ya katani. Upande wake haukuwa tena na kitu cha kuungua ila visiki. Alikuwa anaokoa wa Bi Futi.

Moto ulizimwa saa kumi na moja. Sehemu ya juu, miti tisini, ilisimama myeusi hadi kwenye vilele.

Bi Futi hakulia. Alikaa chini, masizi usoni, akaanza kuhesabu siku. Mti ulioungua, kwa upande wa mbao, haufi papo hapo. Moyo wake bado mzima. Lakini wadudu huingia, kisha ule ukungu wa rangi ya buluu, na ndani ya wiki chache daraja la kwanza huwa kheri ya kuni. Aliyekuwa na misumeno na malori ya kuwahi alikuwa mmoja tu.

Kesho yake asubuhi alisimama langoni pa kiwanda, mahali alipowahi kuhesabu malori. Bosi alitoka mwenyewe. Alikuwa ameota mvi.

"Pole na moto. Nimesikia." Akaegemea lango. "Leo una haraka, Bi Futi."

"Leo nina haraka, Bosi."

Ilikuwa nafasi ya Bosi. Angeweza kukunja uso kama Kofia, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia biashara ya vyuma chakavu. Angesema lolote na Bi Futi angekubali, na wote wawili walijua hivyo. Bosi alilitazama lile banda kwa muda. "Lete. Penseli atapanga. Utalipwa kama daraja linavyosema, kasoro usafiri. Lori nitaleta mimi."

Penseli alipanga siku nne. Bi Futi alisimama upande wa pili wa mbao, upande wa wauzaji, mikono nyuma. Mara tatu aliona ubao ambao roho yake ilitaka ubaki juu ukishushwa ngazi. Mara zote tatu alikaza macho akaona kwamba Penseli yuko sahihi. Kulikuwa na ufa mwembamba wa joto, mahali ambapo yeye mwenyewe alimfundisha kutazama. Mara ya tatu Penseli aliinua macho kwake kwa aibu. "Andika, baba," akamwambia. "Chaki haina jamaa."

Pesa ile haikuwa nyingi, lakini ilimvusha.

Na mwaka wa saba ukafika. Wajenzi walikuwa wamerudi kazini, na kiwanda cha plaiwudi kilikuwa kimefunguliwa umbali wa siku moja kwa lori, kikitafuta magogo manene na kuyalipia vizuri. Wakulima kumi na wanane walikubaliana kuuza pamoja, karatasi zote za vipimo zikabandikwa kwenye ubao nje ya duka, kila mnunuzi asome. Mwenye plaiwudi alituma mtu. Bosi alikuja mwenyewe, na jambo lililowafanya watu wakonyezane ni kwamba alikuja na utepe wake. Akapima miti kumi ya Bi Futi kwa kubahatisha, akalinganisha na karatasi, akaurudisha utepe mfukoni.

"Sitaki kubishana na karatasi hii," akasema. "Nauliza tu kama shamba lote lazima liende kwa mtu mmoja."

"Kwa nini?"

"Huyu wa plaiwudi anataka kipande cha chini cha mti, kile kinene kisicho na kifundo. Hapo simwezi. Lakini cha katikati atakidharau, na mimi ndicho kinachonifaa."

Bi Futi alimtazama kwa furaha ya mwalimu aliyejibiwa swali ambalo hakuuliza. Yeye alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima. Wakauza hivyo: kipande cha chini kwa plaiwudi, cha katikati kwa Bosi, ncha kwa wauza mirunda, na matawi kwa wachoma matofali. Mti mmoja ulikwenda sehemu nne. Miti yake mia mbili na kumi ilimpa zaidi ya milioni kumi na nane.

Siku malori ya mwisho yaliposhuka, shemeji alikuja na fimbo yake mpya wakakaa juu ya visiki viwili, kila mmoja upande wake.

"Niambie bila kunibembeleza," shemeji akasema. "Nilikosea?"

Mwanamke mwingine angesema "ah, yameshapita." Bi Futi alikunja paji la uso akapiga hesabu kweli, kwa sauti. Alitoa kupanda kwa bei ya kila kitu katika miaka saba. Alitoa miti tisini ya moto, na mwaka ambao aliishi kwa kuku wa ahadi. Kwa upande wa pili akajumlisha mashine: siku za mavuno, siku za njaa, watoto wawili wa shemeji waliomaliza shule, na wanawake walioacha kubeba magunia hadi mjini.

"Tumekaribiana mno," akasema mwishoni, yeye mwenyewe akishangaa. "Nimekupita, lakini kidogo kuliko nilivyojigamba. Wewe uliuza kwa bei ya mwenye haraka, ukanunua kitu kilichokuwa kinahitajika haraka. Ungeuza miti ukanunua redio, hapo ningekucheka."

"Nilinunua na redio."

"Ndogo?"

"Ya kukokota kwa mkokoteni."

Bi Futi alicheka hadi akashika kisiki. Shemeji akainuka kwa fimbo, akamwambia waondoe yale matawi yaliyoziba njia kabla wanawake wa mashine hawajaanza kupita, kwa sababu kuna mteja mmoja mwenye ulimi mrefu na leo ni zamu yake. Bi Futi akashika tawi upande mnene, shemeji upande mwembamba, wakaanza kuburuta.